Gobore Katika Jedwali la Sheria Nyingine

Hati ya mashtaka ya mtu aliyekutwa na gobore ina sentensi moja inayostahili kusomwa polepole. Kwa muhtasari inasema hivi: kupatikana na silaha isivyo halali, kinyume na kifungu cha 20 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, kikisomwa pamoja na aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200, na vifungu vya 57(1) na 60(2) vya sheria hiyohiyo, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2016. Namba hizo ni za kabla ya Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Mashauri mengi yaliyokwisha kuamuliwa yamezibeba hivyo, nami hapa nautazama zaidi muundo wa sentensi kuliko namba zake.

Ina sehemu tatu. Ya kwanza inataja tendo: mtu, silaha, hana leseni. Ya pili inalichukua tendo hilo na kulipeleka kwenye jedwali lililo nyuma ya sheria nyingine, ambako linapata jina jipya, kosa la uhujumu uchumi. Ya tatu inataja sheria ambayo wengi hawaikumbuki kama sheria ya silaha, na humo ndimo ilimo miaka ya kifungo. Ukiisoma sheria ya silaha peke yake, kuanzia jina lake refu hadi kifungu cha mwisho, utakuta adhabu, lakini si ile itakayotawala siku ya hukumu. Na katika sentensi nzima Waziri wa Mambo ya Ndani hayumo. Hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu kila panapozuka mjadala wa silaha na mipaka ya madaraka ya serikali, wa kwanza kutazamwa huwa waziri: ametoa kanuni gani, amepiga marufuku nini, na nani wa kumzuia.

Wilayani Same hili si swali la darasani. Upande mmoja kuna milima ya Upare, na msitu wa Chome unaopanda hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili ni hifadhi ya taifa ya Mkomazi. Katikati, kwenye tambarare ya Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, watu wanalima mpunga na mahindi, na tembo wanajua msimu wa mavuno kama mkulima mwenyewe anavyoujua. Mwenye bunduki ya leseni ni mmojammoja. Gobore ni habari nyingine: bomba la chuma, kitako cha mbao alichochonga fundi, baruti na vipande vya chuma vinavyoshindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Unapiga mara moja, kisha unaanza kazi ya kushindilia upya huku tembo akikutazama.

Silaha hii kongwe iliwahi kupendelewa na sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulichora ukanda kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ukazuia bunduki za kisasa kuingizwa ndani ya ukanda huo, lakini ukaacha upenyo kwa gumegume na baruti ya kawaida ya biashara chini ya uangalizi wa watawala. Same iko karibu nyuzi 4 kusini. Mantiki ya wakubwa wa Ulaya ilikuwa ya wazi, na ya kibabe: Mwafrika aruhusiwe silaha inayochelewa. Leo upendeleo huo umekwisha. Mbele ya kifungu cha 20 gobore na SMG zinasimama kwenye mstari mmoja, na aya ya 31 haijali kama mtutu umetoka kiwandani au umetoka kwa fundi wa kijiji.

Sasa tumtafute waziri. Sheria ya mwaka 2015 ilifuta Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991. Nyuma yake ipo Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziwe na alama kwenye silaha, kumbukumbu za kuaminika na masharti makali ya umiliki. Kama ilivyo desturi ya uandishi wa sheria zetu, Bunge liliweka mambo makubwa kwenye sheria, kisha likamwachia waziri kutunga kanuni. Kifungu cha namna hiyo kina sura inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kuperuzi sheria mbili tatu. Hukaa mwishoni, wakati msomaji ameshachoka. Huanza na orodha ya mambo madogo, kama fomu, ada na utaratibu wa maombi, na huishia na mstari mmoja unaofungua kila kitu: jambo jingine lolote litakalohitajika kwa utekelezaji bora. Orodha inakufanya uamini kwamba madaraka yamepimwa, halafu mstari wa mwisho unakiondoa kipimo.

Je, Katiba inasemaje? Ibara ya 97(5), inayohusu Bunge kukabidhi madaraka ya kutunga kanuni, imeandikwa kwa ukanushi. Haisemi Bunge linaweza kukabidhi. Inasema masharti ya ibara hiyo na ya ibara ya 64 hayatalizuia Bunge kufanya hivyo, kwa mtu yeyote au idara yoyote ya Serikali. Hakuna neno juu ya kiasi, muda au aina ya jambo linaloweza kukabidhiwa. Ni sentensi inayoondoa kizuizi bila kuweka kingine mahali pake. Mwandishi wake alikuwa na haraka, au alikuwa mwerevu sana.

Mipaka ipo, ila imehifadhiwa kwingine, katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kitabu ambacho raia hakifungui hata siku moja. Kifungu cha 36 kinasema kanuni inayopingana na sheria ni batili kwa kiasi inachopingana nayo. Kifungu cha 37 kinahusu kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kifungu cha 38 kinataka kanuni iwasilishwe Bungeni ndani ya siku 6 za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge linaweza kuikataa kwa azimio. Dodoma ipo Kamati ya Sheria Ndogo yenye kazi ya kuzipitia.

Tazama mpangilio wa wakati katika masharti hayo. Kanuni inachapishwa, inaanza kufanya kazi, kisha Bunge linakaa na kuitazama. Bunge likiwa likizoni, siku za vikao hazihesabiki. Mtu wa Hedaru aliyelipa ada mpya mwezi uliopita ameshalipa. Kenya wametumia utaratibu unaofanana, ila Sheria yao ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 imetaja tarehe ya kifo: kanuni isiyowasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao inakoma kuwa na nguvu, na hata iliyopita salama hufikia ukomo wake baada ya miaka 10 isipoongezewa muda. Pia inadai wananchi washirikishwe kabla. Kwangu tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya vyama au ya marais. Waziri wa Nairobi anaandika kanuni akijua kuna siku itakufa.

Walioendelea, kama tunavyowaita, nao wana vituko vyao. Nchini Canada, tarehe 1 Mei 2020, siku chache baada ya mauaji ya Nova Scotia, serikali ilipiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki kwa kanuni, bila kura ya Bunge. Sheria yao ya jinai ilikuwa na mpaka: serikali isipige marufuku silaha ambayo ni ya busara kutumika katika uwindaji au michezo. Mpaka mzuri, hadi usome maneno yaliyopachikwa katikati yake, kwa maoni ya serikali yenyewe. Aliyefungwa kamba ndiye aliyepewa mshiko wa fundo. Wenye bunduki walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho ikasema serikali haikuvuka mpaka wake. Nadhani sera yao ilikuwa na sababu nzito. Ninachokilalamikia ni sentensi. New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya tarehe 15 Machi 2019, nako walitangulia kwa amri ya serikali ndani ya siku 6, lakini kufikia tarehe 10 Aprili Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya 1. Amri ilikuwa ya kushikilia mlango tu hadi Bunge lifike.

Turudi mlimani. Kwa mkulima wa Gonja au Mamba, waziri ni jina la kwenye redio. Ombi lake la kumiliki bunduki linaanzia kwa watu anaowafahamu: serikali ya kijiji, kata, polisi wa wilaya, kamati ya usalama ambayo mwenyekiti wake ngazi ya wilaya ni Mkuu wa Wilaya. Wanamjua tabia, wanajua kama anakunywa, kama ana ugomvi wa shamba na ndugu yake. Sipingi hata kidogo watu wa karibu waulizwe. Afadhali wao kuliko kompyuta ya Dar es Salaam. Lakini hapa ndipo yalipo madaraka mapana kuliko yote katika mfumo mzima, na ndipo maandishi yanapokuwa machache kuliko kote. Waziri angalau ana Gazeti la Serikali. Kamati ina muhtasari wa kikao.

Wapare wana historia na madaraka ya namna hiyo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kwa kupitia watemi na majumbe, iliwaletea kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi bomani Same na kugoma kuondoka, wakipokezana kwa zamu. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliingia mapambanoni. Profesa Isaria Kimambo aliliandikia tukio hili kijitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971. Kilichowakera zaidi hakikuwa tu fedha. Kilikuwa makadirio: nani anakadiria, kwa kipimo gani, na kwa nini mwenye ng'ombe wawili alipe zaidi ya jirani mwenye watatu. Mgogoro uliisha kwa mbiru kuondolewa na kodi ya kiwango kimoja kushika nafasi yake. Ukiusoma mgogoro ule kama hoja ya kisheria, na naamini inafaa kuusoma hivyo, walikuwa wakidai kipimo kiandikwe mahali ambapo mlipaji anaweza kukiona.

Mahakama ya Rufani ilifika kwenye hoja ileile kwa njia nyingine mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya wakati huo ilimtaka raia apate kwanza kibali cha maandishi cha waziri kabla ya kuishtaki Serikali. Yaani mshtakiwa mtarajiwa ndiye aliyeamua kama ashtakiwe. Mahakama ilikibatilisha kifungu hicho. Kwa mhakiki, kilicho kitamu zaidi katika hukumu hiyo ni kipimo kilichowekwa. Sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, na kuepuka uonevu maana yake ni kwamba sheria hiyo iwe na kinga za kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela na njia za kuwadhibiti wenye mamlaka wasiitumie vibaya. Pili, isibane kuliko inavyohitajika. Kipimo kinaitazama sheria husika na kuuliza kinga ziko wapi humo. Nikikitumia kama kipimo cha uandishi tu, mbali na mabishano ya haki za binadamu, sheria yetu ya silaha inapata alama za wastani. Sehemu kubwa ya kinga zake imeazimwa: kutoka Sura ya 1, kutoka ibara ya 13(6) ya Katiba inayompa mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, kutoka kwa majaji wa Mahakama Kuu. Anayeijua njia ya kwenda Moshi kufungua shauri atazipata. Asiyeijua ataisoma sheria na kuona upande wa serikali peke yake.

Sehemu ya tatu ya ile sentensi ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Sheria Na. 3 ya mwaka 2016 ilikuwa ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, muswada wa aina ambayo wabunge huujadili kwa siku moja wakiruka kutoka sheria moja hadi nyingine. Ilibeba jambo kubwa lililojaza magazeti: kuanzishwa kwa Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, ile ambayo watu waliiita mahakama ya mafisadi. Nchi nzima ilikuwa ikizungumzia mabilioni. Ndani ya marekebisho hayohayo kifungu cha 60(2) cha Sura ya 200 kilibadilishwa. Awali kilisema kifungo kisizidi miaka 15. Sasa kinasema kisipungue 20 wala kisizidi 30.

Zamani palikuwa na dari bila sakafu. Hakimu aliweza kumtazama mzee wa miaka 70 mwenye gobore la kufukuzia nyani na kumpa adhabu inayomfaa. Sasa ipo sakafu, na sakafu mpya iko juu kuliko dari ya zamani. Mabadiliko haya yalimgusa kila aliyemo kwenye Jedwali la Kwanza, akiwemo mwenye gobore wa aya ya 31, bila koma moja ya Sheria ya Silaha kuguswa. Sheria ya silaha ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtu aliyeinunua mwaka 2015 kutoka kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali na kuitunza vizuri kabatini alikuwa, kufikia mwisho wa mwaka 2016, na nakala iliyo sahihi kwa kila neno na isiyofaa kumwongoza.

Kwa nini gobore likawa uhujumu? Historia ya Sura ya 200 ni ya mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha msako wa walanguzi walioficha sukari, sabuni na fedha za kigeni. Watu walikamatwa kwanza, sheria maalumu ikatungwa baadaye mwaka huohuo na kurudishwa nyuma iwafikie. Mwaka 1984 ilibadilishwa na Sheria Na. 13 ambayo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ndiyo tuliyonayo. Ilizaliwa na hasira dhidi ya bohari. Leo jedwali lake limekuwa ghala la kila kosa ambalo serikali ya wakati fulani iliona ni zito: nyara, silaha, na mengine. Majedwali yana tabia hiyo. Kuongeza mstari kwenye jedwali hakuonekani kama kutunga kosa. Kunaonekana kama kazi ya karani.

Kando ya Mkomazi maana ya silaha inapanuka tena. Ndani ya hifadhi ya taifa, chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, mtu hushtakiwa kwa kupatikana na silaha wakati mkononi alikuwa na panga, mkuki au waya wa mtego. Panga lilelile mita mia moja upande wa pili wa mpaka ni zana ya kazi. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 kabla ya kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa katika muongo wa kwanza wa karne hii, na hapa, cha ajabu, muundo wa sheria ni mzuri kuliko ule wa kanuni: Rais hutangaza hifadhi kwa ridhaa ya Bunge, na ridhaa hutangulia tangazo. Uzuri wa muundo haukuwafaa wafugaji walioondolewa Mkomazi mwaka 1988, enzi ya pori la akiba. Walimshtaki Waziri wa Utalii, Maliasili na Mazingira, shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1999, na hawakurudishiwa malisho yao.

Basi ni kitu gani kinachoizuia kalamu ya serikali, katika sentensi tuliyoanza nayo? Kwa muda mrefu kilikuwa karatasi mbili ndogo ambazo hata hazitajwi humo. Kosa la uhujumu uchumi haliwezi kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka chini ya kifungu cha 26 cha Sura ya 200. Na likisikilizwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, linahitaji pia hati chini ya kifungu cha 12 inayoipa mahakama hiyo mamlaka. Kila moja ni ukurasa mmoja, na mara nyingi imeandikwa kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Waendesha mashtaka wamekuwa wakikosea hapo mara nyingi ajabu: kibali hakitaji vifungu ambavyo mtu anashtakiwa navyo, hati inataja kifungu kidogo kisicho chenyewe, au karatasi imo kwenye faili lakini hakuna mahali inapoonekana kuwa ilipokelewa rasmi. Mahakama ya Rufani imesema mara kwa mara kwamba katika hali hiyo mahakama ya chini haikuwa na mamlaka, na kila kilichofanyika mbele yake, pamoja na ushahidi, utetezi, hukumu na miaka 20, ni batili. Swali kama gobore lilikuwepo halikufikiwa. Baadhi ya warufani waliachiwa kwa sababu walikuwa wameshakaa gerezani muda mrefu au ushahidi ulikuwa dhaifu; wengine majalada yao yalirudishwa chini, na upande wa mashtaka ukaandaa karatasi upya.